Ukimuuliza "umeelewa?" atakujibu ndiyo tu

Nauza dawa hapa Moshi, na kama kuna swali nimeliacha kabisa pale dirishani ni hili la "umeelewa?". Mama wa watu kashuka na haisi kutoka Kibosho, foleni imemkalia mgongoni, wewe una koti jeupe anakuita dokta hata kama siyo dokta, halafu utegemee aseme sijaelewa? Thubutu. Atasema ndiyo mwanangu, asante, huyoo kaondoka.

Sasa cheki tulichomwandikia kwenye bahasha: 1x3. Sisi tunajua ni kimoja mara tatu kwa siku, ila wapo wanaomeza vitatu kwa mpigo asubuhi wamalize kazi. Dawa mseto ya malaria, ile ALu, ndo balaa, mtu mzima ana vidonge 24 kwa siku 3, vinne vinne, dozi ya pili baada ya masaa 8 tu halafu zinazofuata asubuhi na jioni, na ale chakula chenye mafuta kidogo au anywe maziwa ndo dawa iingie vizuri mwilini. Ukimwandikia 8:00 ataisoma saa nane mchana, andika saa 2 asubuhi yaishe. Na homa ikishuka siku ya pili vilivyobaki anamtunzia mjukuu, hilo lazima ulitaje wewe kabla hajaondoka.

Siku hizi nasema hivi: "Mama, naomba uniambie ukifika nyumbani hii utaimezaje, nione kama nimekueleza vizuri." Hapo mtihani ni wangu, yeye haoni aibu. Akikosea narudia kwa maneno mengine halafu namuuliza tena. Wenzangu wanasema napoteza muda, na siku ya soko kweli foleni inanuna.

Wa sukari nao wanaambiwa "punguza wanga". Wanga ndo nini? Anaacha ugali anahamia machalari, ndizi za kupika ambazo nazo ni wanga, mchana ndizi jioni ndizi, na moyo mweupe kabisa! Mtajie chakula chenyewe na kiasi chake kwenye sahani, na mbege uitaje kwa jina, maana ukimuuliza kama anakunywa pombe wazee wengine watakukatalia, kwao ile ni chakula.

Dawa ya maji ya watoto ndo usiseme kijiko, vijiko vya majumbani havilingani. Mpe sirinji, weka alama ya peni pale kwenye kipimo chake, tuseme mili 5, avute mwenyewe ukiwa unamwangalia.