Ijumaa yangu: wanafunzi Japani, sponji Gikomba, na jibu kabla ya saa tano

Saa kumi na moja alfajiri. Simu inalia naizima, inalia tena naizima tena, ya tatu ndio naamka. Naishi Umoja kwa nyumba ya chumba kimoja ambayo nusu ni kitanda na nusu ni sponji, gundi, na wigi ya buluu nimeivisha sufuria juu ya kabati, na kila mgeni akiwasha taa usiku lazima aruke kwanza. Kesho kuna konvensheni ya anime (zile katuni za Kijapani) na gemu huko Westlands, na vazi langu la kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa katuni ama gemu, bado halina bega la kushoto. Kwa hivyo leo ni siku ya kukimbia. Na kuna imeili moja sijajibu tangu Jumatatu, hiyo nitafika.

Lakini kwanza wacha niwaambie kitu niligundua nikiwa Japani, na mpaka leo sijapata mtu wa kushtuka nayo vile mimi nilishtuka. Japani iko mbele yetu masaa sita. Sita kamili. Sasa sisi tunahesabu saa kutoka jua likitoka, simu ikisema 7:00 sisi tunasema saa moja, si ndio? Wakati huo huo saa ya ukutani Tokyo iko kwa moja, moja yao ya mchana. Simu hapa ikisema 10:00 sisi ni saa nne na wao ni nne, nne ya jioni. Yaani saa ya nyanya yangu kule Murang'a, ile imewekwa kwa Kiswahili, na saa ya Tokyo mshale ni mmoja! Nilikaa Iwate kutoka 2022 hadi 2024 nikifundisha Kiingereza kwa shule ya kati, na kila nikitaka kupigia mama nilikuwa napiga hesabu kwa vidole, natoa sita, halafu nageuza iwe saa ya Kiswahili, kumbe nazunguka narudi palepale nilipotoka. Niligundua wiki ya mwisho. Nikiwa napanga sanduku. Nilikaa chini nikacheka pekee yangu.

Saa kumi na mbili na nusu. Darasa la kwanza la mtandaoni, mzee wangu wa Sendai huko Japani, mstaafu, anajifunza Kiswahili bila sababu yoyote ya maana, anapenda tu ngeli. Kwake ni chakula cha mchana kwa hivyo ananisalimia mdomo umejaa wali. Huyu mzee amechora jedwali la ngeli zote akalibandika nyuma yake ukutani na ananisahihisha bila huruma. "Mwalimu, wiki iliyopita ulisema hii kiti." Nikamwambia hiyo ni lahaja ya Nairobi. Akaandika! Mimi nimezaliwa hapa nimelelewa hapa na mtu wa Sendai ndiye ananikumbusha kiti ni hiki.

Na ni yeye alinionyesha ule ujanja wangu wa saa una shimo. Mwaka jana nilimwandikia tukutane Alhamisi saa moja jioni nikitoka mjini, nikaona moja ni moja, nikasahau kufikiria kwake ni mchana ama usiku. Saa moja jioni ya huku ni saa saba usiku kwao. Nimefungua laptopu nikiwa nimechelewa dakika tano nikamkuta ameketi, shati limepigwa pasi, tai iko shingoni, giza nyuma yake, ananingoja. Hakulalamika hata. Aliuliza tu kama nimekula. Niliona aibu hiyo wiki yote.

Saa mbili. Chai na mkate, kuosha vyombo, kutandika. Imeili naifungua naifunga. Ni ya kampuni inayopeleka walimu kwa mashule, wananitaka nirudi, mwaka wa shule Japani huanza Aprili na lazima waanze kunishughulikia hati ya ustahiki huko uhamiaji, ndio nipeleke kwa ubalozi kuomba viza. Mwisho wa kujibu ni leo, saa tano. Wao wameandika 17:00 saa za Japani lakini si tumeelewana, ni saa tano.

Saa nne. Watoto wa Japani ninaowafundisha Kiingereza wametoka shule na ndio wanaanza kuingia, mmoja mmoja, nusu saa kila mmoja mpaka saa saba. Hapa ndio pesa ya rendi inatoka kwa hivyo hapa ndio stima ilichagua kupotea, saa nne na robo, katikati ya wimbo wa siku za wiki. Nikahamia kwa simu, bando nikanunua, nikasimama kwa dirisha kutafuta mwanga nikiwa nimeshika picha za wanyama mkono mmoja. Jirani yangu wa chini alikuwa anaanika nguo ananiangalia tu vile naonyesha simu picha ya twiga.

Kuhusu wanyama, kuna mmoja. Dubu. Kwa Kijapani dubu anaitwa neno fulani la herufi nne ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu mama yangu husoma, na wale mnajua mnajua. Iwate ni milima na dubu hutoka msituni, basi wiki yangu ya kwanza kule vipaza sauti vya mtaa vikatangaza hilo neno asubuhi mapema, sauti ya mama mpole kabisa, akarudia mara tatu, na mimi niko kitandani naangalia dari nikijiuliza hii nchi nimekuja kufanya nini. Mpaka leo mtoto akiona picha ya dubu akilitaja kwa sauti mimi hukohoa.

Ukitoa hilo neno, hizi lugha mbili ni kama zimelala kwa nyumba moja. Vokali tano, a e i o u, na neno haliishii kwa konsonanti hivi hivi, ila n kwa Kijapani, ndio maana Mkenya akisoma Kijapani kwa herufi za Kirumi anasikika vizuri siku ya kwanza (kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, ndio zitamtoa machozi, hiyo ni habari nyingine). Shida ya wanafunzi wangu ni l na r. Nina kasichana ka Osaka kakisema "rion" badala ya "lion" na nimejaribu kila kitu, ulimi juu, ulimi chini, nikachoka, nikakumbuka mjomba wangu huko Murang'a anasema vilevile na amejenga, amesomesha, na ana ng'ombe sita.

Saa nne na nusu kukawa na mapumziko, mtoto mmoja ni mgonjwa. Nikakaa na ile imeili. Watu huniuliza Japani ilikuwaje wakitaka kusikia habari za treni na roboti. Kitu mimi hukumbuka ni saa ya usafi. Watoto wote wanafunga vitambaa kichwani wanapiga deki madarasa na korido, na yule mwalimu mwenzangu wa Marekani alikuwa anapiga video akishangaa ati wanafunzi wanasafisha shule wenyewe. Mimi nikainama nikachukua kitambaa. Kwani mimi Ijumaa nilikuwa nafanya nini primari? Nilibeba maji kutoka nyumbani kwa kibuyu cha lita tano ya kumwaga kwa darasa. Walimu wa pale waliniona nikipiga deki vile inafaa, kurudi nyuma usikanyage palipolowa, na kutoka hiyo siku nikaanza kualikwa chai. Nikawa wa kwao kupitia matambara.

Upweke pia ulikuwepo, wacha nisidanganye. Theluji mpaka kiunoni, nyumba haina joto ila kahita ka mafuta ya taa, na Jumapili nzima unaongea tu na mtu wa duka.

Saa tano kasoro dakika nne nikaandika ndiyo, asante, nitakuja. Nikatuma. Stima ikarudi dakika hiyo hiyo na mimi si mtu wa ishara lakini nilicheka. Mtoto anayefuata alikuwa ameshaingia anangoja, nikamwambia leo tunaanza na rangi.

Saa saba na nusu. Matatu mpaka Muthurwa. Konda anaita hamsini hamsini, muziki unatingisha meno, na wazo limenikaa kichwani: nimekubali, na mama hajui. Nikajiambia sponji kwanza.

Sasa wale hamjui kosplei ya Nairobi inavyotengenezwa. Nje watu wananunua sponji ya EVA kwa karatasi kubwa na kifaa cha kupuliza joto. Sponji ya EVA ni ile ile ya patapata mguuni mwako. Na ni ile ile ya mikeka ya watoto ya kutambaa, ile inaunganishwa kama fumbo, na Gikomba mitumba ya hiyo ipo ukijua wa kuuliza. Niko na mama mmoja ananiwekea. "Customer, nimekuwekea kamera," yaani zile bora kabisa, akanitolea sita safi, za kijivu, hazina alama ya meno ya mtoto, mia saba zote. Akaniuliza kama mtoto wangu sasa anatembea. Mwaka wa pili huu nanunua mikeka ya mtoto kwake na sijawahi kumrekebisha, sijui nianzie wapi.

Gundi ni ya fundi wa viatu, ile ya njano, unapaka pande zote mbili unangoja ikauke kidogo ndio unabana, ukiharakisha inaachia. Joto ni pasi, ama jiko la makaa ukishika mbali kidogo, sponji inalegea unaikunja kwa goti lako inakuwa bega, na uso wake unajifunga unakuwa laini, rangi haizami. Hiyo yote nilijifunza kwa kuunguza.

Nikapita Kamukunji kwa wale mafundi wa mabati, sikuwa na shida huko, ni vile napenda kelele ya zile nyundo. Mara yangu ya kwanza kabisa niliwahi kuwaagiza upanga. Nikawachorea kwa karatasi, urefu mita moja na nusu. Fundi akaangalia mchoro, akaniangalia, akaniuliza, "Dada, hii ni ya kukata nini?" Nikasema ya kuigiza. Akaitengeneza kwa bati ile ya sanduku la shule, kazi safi, na mlinzi wa mlangoni akanikatalia nayo kwa sababu chuma haiingii. Na haki yake. Siku hizi silaha zangu zote ni sponji, ule upanga uko kwa mama unafukuza kuku.

Barabara ya Dubois nikachukua dawa ya kushikilia wigi isimame. Wenye duka wakaniuliza ni harusi.

Kitu kimoja kuhusu hizi konvensheni. Desemba 2023 nilienda Comiket, soko kubwa la vitabu vya katuni vya mashabiki, pale ukumbi wa Tokyo Big Sight, ile ilianza 1975 na vikundi 32 tu vya wachoraji na sasa ni bahari ya watu, na sheria yao ni huji umevaa na huondoki umevaa, unabadilisha ndani na kulipia. Mpangilio sana. Foleni imenyooka kama imepigwa rula. Huku mimi kesho nitapanda matatu na mabega yangu yote mawili, konda ataniitisha fea ya watu wawili, kuna mzee ataniuliza kama ni dini, na kabla sijafika Westlands nitakuwa nimepigwa picha na nusu ya gari. Nilipenda Comiket kweli lakini raha yangu nyingi iko kwa ile matatu.

Saa kumi na moja jioni. Nimerudi, na binamu yangu amekuja na kontrola yake kwa mfuko wa karatasi kama mtu amebeba mboga. Anaingia tonamenti ya Tekken 8, ile gemu ya kupigana. Yeye ni wale walianza kwa vibanda vya PS, mechi shilingi ishirini, ukishindwa unampisha mwenzako, na hiyo ndio inafanya wachezaji wa hapa kuwa wakali, huna pesa ya kupoteza mechi. Kwake Sylvia Gathoni, yule mchezaji wa Tekken anaitwa Queen Arrow, ndio mwanzo wa kila hadithi, vile 2018 alisajiliwa na timu ya nje na hapa nyumbani watu bado wanasema gemu ni za watoto. Ameniambia hiyo hadithi mara kumi. Leo ya kumi na moja.

Tukala chapo na madondo za kibanda cha chini. Nikamwambia kuhusu Aprili. Akanyamaza kidogo akasema basi nani atanishonea koti, halafu akarudi kwa simu yake.

Saa mbili usiku. Mama amepiga. Kuku, mvua, mazishi ya jirani, ng'ombe wa mjomba. Halafu Pasaka, kama nitakuja. Bega liko mkononi, gundi imepakwa pande zote mbili, nangoja ikauke, na nikamwambia.

Kimya kirefu. Nilidhani kredo imeisha.

"Kule kwa baridi tena, mami?"

"Eee."

"Na nitakuwa nakupigia saa ngapi? Ile mara ya kwanza nilikuwa nakuamsha."

Nikamweleza. Aangalie saa yake ya ukutani, nayo imewekwa kwa Kiswahili, asibadilishe chochote, ikiwa saa mbili asubuhi kwake, na yangu itakuwa imeandika mbili, ila mimi nitakuwa nimekula lunchi. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaenda kuangalia ukutani, nilimsikia akivuta kiti.

"Sasa hii imeandika mbili," akasema. "Usiku."

"Kule pia ni mbili, mama. Wamelala."

"Basi waache walale," akasema, akaanza tena habari ya kuku. Nikabana bega. Nilikuwa nimeharakisha, likaachia.