Dari ya Malindi

Dari ya chumba cha juu ilifunguliwa wakati wa kaskazi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili kazi iishe kabla ya masika. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, upana mita tatu hivi, maana boriti ya mkoko ikizidi hapo hupinda. Ndiyo maana vyumba vingi vya mji huo vina umbo hilo.

Mafundi waliegemeza boriti kwa nguzo kutoka chini, ndipo wakaanza kuchimbua sakafu ya chokaa iliyo juu yake. Ilikuwa nene kupita kiasi: kila aliyewahi kuikarabati alimwaga chokaa juu ya ile ya mwenzake bila kuiondoa, na uzito wote ukabebwa na boriti zilezile. Katikati zilikuwa nzima, shoka linadunda. Zilioza ncha tu, ile shubiri iliyozama ukutani, ukiigusa inamomonyoka.

Nje, ukuta ule ulikuwa umepigwa lipu ya saruji. Biashara huria iliporuhusiwa katikati ya miaka ya 1980 saruji ilijaa madukani, na nani tena angeloweka chokaa wiki nzima nzima, apake tabaka nyembamba, asubiri kila moja ikauke? Lakini mawe ya matumbawe hunyonya maji. Chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia ndani, yanafika mpaka kwenye ncha za boriti. Chumvi nayo huisukuma lipu ikavimba. Ukiigonga, inalia tupu.

Maji mengine yalitoka vyooni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mawe ziligawiwa wapangaji chumba kwa chumba, mabomba yakapitishwa kwenye kuta zilizojengwa kwa ajili ya familia moja, na paa likakosa mwenyewe.

Lipu ya saruji ilibanduliwa yote, ukuta ukaachwa ukauke. Boriti mpya zikapangwa, juu yake mawe bapa ya matumbawe, kisha zege la chokaa. Kwa lipu mpya, chokaa ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, na mchanga usiwe wa pwani, chumvi yake itarudia uharibifu uleule. Zege hutwangwa kwa vibao siku kadhaa, taratibu, huku likifunikwa magunia mabichi, kwani jua kali hulipasua. Zamani walitwanga wanawake kwa nyimbo, mapigo yakaenda sawa. Safari hii walitwanga vijana wa kibarua, kila mmoja kwa pigo lake, na fundi mkuu akawa anawarudisha pale walipopitiwa.

Kutoka juu pale ulionekana mji uliokwisha kuvaa mabati. Paa bapa za chokaa zilikuwa zimebaki za kuhesabu, na mabati mengi hayakuwa na mfereji. Maji ya jirani yetu yalimwagika moja kwa moja kwenye ukuta wetu, kwa hiyo kabla ya mafundi kuondoka tulipatana naye, tukamfungia mfereji kwa gharama zetu.