Siku moja ya dalali wa mnunuzi, Unguja mjini

Saa 1:30 asubuhi. Simu ya kwanza ni ya mnunuzi, si ya mwenye nyumba. Kabla hatujatoka, karatasi iwe imeshatiwa saini: udalali ni asilimia ngapi, nani anaulipa, na unalipwa lini. Mimi hulipwa siku ya uhaulishaji, yaani nyumba inapohamishiwa jina la mnunuzi. Dalali anayelipwa kwa kila nyumba anayoonyesha atakuzungusha Mazizini, Fuoni na Tomondo mpaka soli ziishe. Hapo hapo tunaliweka wazi suala la cha juu: mwenyewe anataka milioni 70, wewe unatajiwa 80, kumi inaishia mfukoni mwa dalali. Dawa yake ni mnunuzi kuisikia bei kinywani mwa mwenye nyumba. Na madalali wakiwa watatu kwenye nyumba moja, jambo la kawaida hapa, kila mmoja amdai aliyemwita.

Saa 2:30, Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. Tunaanzia juu kushuka, kwa sababu maji nayo huanzia juu. Bati likivuja, mvua inafuata ukuta hadi kwenye vichwa vya boriti pale zilipochomekwa. Mle ndani hakuna hewa, kwa hiyo mti unaoza kichwani na huku katikati bado unaonekana mzima. Wanunuzi wengi huinua macho, wakaona boriti zimepakwa rangi nzuri, wakaridhika. Chukua bisibisi, ichome pale boriti inapoingia ukutani; ikizama bila kutumia nguvu, hesabu gharama ya sakafu nzima ya juu. Sakafu hizo ni mawe na chokaa, zina uzito mkubwa.

Upana wa vyumba pia una sababu yake. Boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Ukikuta chini kuna duka pana kuliko chumba cha juu yake, kuna ukuta umeondolewa. Uliza nani aliuondoa, aliweka nini badala yake, na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiko wapi.

Kisha kuta. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa wenyewe. Akija fundi akaupiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, plasta inavimba na kumeguka. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti ya debe tupu maana yake plasta imeshaachana na ukuta. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi kiunoni tu inaficha kitu. Tangi la lita 1,000 juu ya dari ya zamani ni tani nzima imekalishwa hapo. Haya si ya kudharau. Beit el Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, iliporomoka upande mmoja Disemba 2020, tena ikiwa katika ukarabati.

Saa 4:30, Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, nyumba ya matofali. Hapa kazi ni nyepesi. Nyufa zinazofuata mstari wa nondo, na kutu inayochuruzika, mara nyingi zinatokana na mchanga wa baharini. Fungua mabomba yote kwa pamoja. Jaribu luku ya TUKUZA, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa kununua umeme kidogo, uone kama kuna deni linakatwa. Karo, yaani shimo la maji machafu, liko wapi, na kisima kiko umbali gani nalo? La mafuriko usimuulize muuzaji. Muulize jirani masika yaliyopita maji yalifika wapi, hasa ukiwa mabondeni kama Mwanakwerekwe.

Saa 6 mchana, kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Sheha anajua nani anaishi humo, nani ana ugomvi wa mpaka, na kama kuna mtu mwingine alikuja wiki iliyopita kuulizia nyumba hiyo hiyo. Lakini barua yake ni ushahidi tu, haimfanyi mtu kuwa mmiliki. Kwa hiyo baada ya Dhuhuri tunakimbilia Kamisheni ya Ardhi, maana ofisi hufungwa saa 9:30: jina kwenye hati, namba ya kiwanja, ramani, zuio au rehani. Kiwanja kikitokana na eka tatu zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, simama hapo hapo. Nyumba ikiwa ya wakfu, hakuna wa kukuuzia, hata akija na funguo.

Baada ya Alasiri, barazani kwa wauzaji. Nasema wauzaji kwa makusudi, kwa sababu nyumba nyingi za mjini ni za mirathi, na hapa ndipo biashara nyingi huvunjika. Chukua marehemu aliyeacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, nyumba milioni 80, madeni na wasia vishatolewa. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, milioni 10. Inabaki 70, mafungu saba, mwanamume mawili na mwanamke moja: kila mwanamume 20, kila mwanamke 10. Kaka mkubwa anayekukaribisha kahawa ana robo tu ya nyumba, hata akizungumza kama yote ni yake. Saini ziwe sita. Dada aliyeko Muscat atume hati ya uwakala iliyothibitishwa ubalozini. Sauti yake ya simu haitoshi. Mama naye aulizwe peke yake atahamia wapi, maana mara nyingi ndiye anayeishi ndani.

Bei sasa. "Mazungumzo yapo," watasema. Kasoro za asubuhi tunazitaja kwa gharama ya fundi, bila kuisema vibaya nyumba ya baba yao. Arabuni, yaani malipo ya awali, iwe ndogo, ipitie benki, na mkataba useme inarudi iwapo mrithi mmoja atakataa au Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi haikuidhinisha.

Saa 2 usiku namwandikia mnunuzi: bei waliyoitaja, makadirio ya boriti, na majina ya warithi ambao saini zao bado. Kama jina la Muscat bado limo kwenye orodha, kesho hakuna pesa inayotoka.