Njia ya kutoka nyumbani kwa mama

Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, watu wa mitaa mingi ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, waliamriwa kuhama. Mama tulimshusha ngazi za nyumba yake amekaa kwenye kiti, mimi nimeshika miguu ya kiti, jirani ameshika mgongo. Ngazi ni nne tu, ila ni za mawe ya lava yaliyochongoka, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kumkatalia. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo. Hofu ya siku ile bado ninayo.

Nyumba yenyewe aliijenga na marehemu baba baada ya Januari 17, 2002, lava ilipopita kwenye uwanja wa ndege, ikafunika sehemu ya mtaa wa Murara na kushuka mpaka Ziwa Kivu. Walijenga juu ya mwamba uleule: mbao juu ya msingi mrefu wa mawe, na choo huko nyuma, mwisho wa paseli, yaani kiwanja. Wakati huo walikuwa na nguvu zao.

Tuliporudi, kaka zangu walitaka mama ahamie Bukavu kwa dada yetu. Akakataa.

"Mutoto wangu, kwangu ni hapa. Munitengenezee tu njia ya kutoka."

Alikuwa na haki. Kanisa lake liko pale, na kuna majirani wanaobisha hodi kila asubuhi kumjulia hali. Bukavu angepata chumba kizuri, lakini nani angemjua?

Mwaka uliofuata tukaanza na njia hiyo. Fundi alituambia kwamba mteremko wa kupitisha mtu mzee, au hata kiti cha magurudumu, unataka sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Msingi una sentimita 60, kwa hiyo mita 7 na zaidi, na paseli ni ndogo. Akaukunja mara mbili, na katikati akaacha sehemu bapa ya kupumzikia.

Choo tulikileta ndani, upande wa nyumba ulio karibu na shimo la zamani, tukapitisha bomba. Kuchimba shimo jipya kwenye lava ni kazi ya mtaimbo na nyundo kubwa, na pesa hatukuwa nazo.

Vyuma vya kushikia ndivyo vilivyochukua muda. Mbao peke yake hazibebi uzito wa mtu anayejiinua, kwa hiyo fundi alipigilia kwanza boriti za kukingama kati ya nguzo. Halafu akataka kuweka alama kwa kimo chake mwenyewe. Mama akamzuia, akakaa, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kusimama.

"Weka hapa mukono wangu unafika, papa."

Fundi akachora kwa chaki chini ya kiganja chake. Kuanzia hapo kila kitu kilipimwa kwa mwili wa mama: kimo cha kitanda, kitasa cha mlango, taa ya sola ya usiku umeme unapokatika.

Kazi ilipokaribia kwisha, mama akamwita fundi jikoni. Alichoka kuinama kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Mawe yaliyobaki yakajengewa kimeza karibu na dirisha ili moshi utoke, na yeye akiwa amesimama kando anamwambia: ongeza jiwe moja, hapana, toa, hapo hapo.