Nilivyouotesha upya mti wa mama

Mti ulikuwa mbele ya nyumba yetu, Isevya, Tabora mjini. Sisi tuliuita mti wa Krismasi, kama wanavyouita wengi. Watu wa misitu huuita saipresi. Mama aliupanda nikiwa darasa la pili. Alipofariki, ndugu tulikubaliana kujenga upya kiwanjani pale, na mti ulisimama pale pale msingi mpya ulipotakiwa kupita, kwa hiyo ungekatwa.

Kitaluni waliniambia nisihangaike, mche wa saipresi si ghali na mbegu zake huota. Ni kweli. Lakini mbegu ingenipa mtoto wa ule mti, na mimi niliutaka ule ule. Kipandikizi, yaani kitawi kinachotolewa mtini na kuoteshwa mizizi, ni mti wenyewe unaoanza upya.

Mara ya kwanza nilifanya kama tufanyavyo kwa mihogo na matembele: nikakata matawi, nikachomeka bustanini, nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki sita yalikuwa ya kijani kabisa, nikampigia simu dada kumwambia yameshika. Wiki ya nane yote yaligeuka rangi ya kutu. Nilipoyang'oa hapakuwa na mzizi hata mmoja, chini kumeoza kweusi. Niliumia sana. Ningekumbuka tu matawi tunayopamba sebuleni kila Desemba: hukaa kijani wiki nzima na zaidi, na hayana mizizi wala udongo. Kwa mti wa namna hii, ukijani hauthibitishi chochote.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayeotesha miche.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nione ulichokata.” Nilipomwonyesha, akatikisa kichwa. “Hili limezeeka. Tafuta ncha za mwaka huu, zilizoota chini. Na usikate, nyofoa.”

Kunyofoa ndiko kulikonisaidia kuliko kitu kingine. Unashika kitawi cha urefu wa kiganja, ambacho shina lake limeanza tu kuwa kahawia, unakivuta kuelekea chini kitoke na kipande cha gome la tawi mama. Mizizi huchomoza vizuri pale penye gome. Kisha unaondoa majani ya nusu ya chini.

Nilinyofoa 40, mwanzoni mwa Aprili, masika yakiishia. Safari hii sikutumia udongo. Nilichekecha mchanga wa mto, nikaumwagia maji ya moto kuua wadudu na ukungu, nikaujaza kwenye mabeseni yaliyotobolewa. Kipandikizi kisicho na mizizi hakiwezi kunywa, na huku majani yanapoteza maji, kwa hiyo kinahitaji hewa yenye unyevu kuliko kinavyohitaji mchanga uliolowa. Nilikata vitako vya chupa za maji za lita 6, nikafunika kwa chupa hizo vipandikizi vitano vitano, nikaweka mabeseni chini ya mwembe. Jua kali likipiga chupa, ndani huwa kama chungu jikoni.

Jirani alinihimiza nichovye asali kwanza, na Tabora asali haikosekani. Nilichovya nusu. Sikuona tofauti.

Baada ya hapo ni kusubiri, na kusubiri huko ni kugumu. Mkono unawasha kuvuta kimoja uone. Usivute, kizizi cha kwanza ni laini, hukatika hapo hapo. Nilimwagilia pale tu mchanga ulipoanza kukauka juu, na vilivyogeuka kahawia niliviondoa vikiwa vichache.

Mti ulikatwa Juni, kabla sijajua kama nimefanikiwa. Siku hiyo sikukaa nyumbani.

Mwishoni mwa Julai niliona ncha za kijani kibichi kipya kwenye vipandikizi vitano. Nilipiga magoti pale chini ya mwembe. Mti wa umri ule haushiki kirahisi, na vitano kati ya 40 vilinitosha. Nilianza kwa kuondoa vifuniko vya chupa tu, wiki mbili baadaye chupa zenyewe, kisha Septemba nikahamishia kwenye viriba. Kimoja kilikufa kwa joto la Oktoba. Vinne nilivipanda mvua za Novemba ziliposhika.

Mmoja uko kwa dada, Urambo. Miwili iko kwangu, imenifika kiunoni. Wa nne, ulio karibu na lango, ulinyofolewa kwenye tawi la pembeni na bado unainama kama tawi, kwa hiyo nimeufunga kwenye mwanzi kwa kipande cha kanga, na kila mwezi naulegeza kidogo usikabwe.