Hesabu ya Mgongo Wazi

Mwaka 2010 nilikuwa nasomea uhasibu katika chuo kimoja hapa Kisumu, mfukoni sina kitu. Kanisa la mtaani lilipotafuta mkalimani wa wanafunzi wa biashara waliokuja kutoka Uholanzi kujitolea, nilikubali hata kabla ya kuambiwa malipo. Walikuwa wanatumia likizo yao kuwafundisha akina mama wa Obunga, mtaa wa mabanda hapa Kisumu, kuweka hesabu. Nilidhani nitasinzia. Masomo ya mwanzo yalikuwa ya mpango wa biashara, kurasa na kurasa, na akina mama walinyonyesha, walisuka nywele, wakaitikia "ndiyo" kwa heshima.

Kwa asiyeijua Obunga: viwanda vya samaki huchuna minofu ya mbuta (sangara) wa Ziwa Victoria na kuisafirisha ng'ambo, sehemu kubwa Ulaya. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyokwepa kisu. Akina mama hununua mabaki hayo, huyakaanga kwenye karai na kuyauza. Ndiyo mgongo wazi. Nimekula sana utotoni, na ugali wake hauishi hamu.

Siku ninayoikumbuka, binti mmoja wa Kiholanzi aliviweka vitabu kando. Aliomba mtu mmoja ajitolee biashara yake ichambuliwe ubaoni. Walimsukuma mbele mama tuliyemwita Nyar Alego, mjane mwenye sauti ya kuita matatu.

Alitaja, binti akaandika. Migongo 60 kwa shilingi kumi kumi, 600. Mafuta 150. Kuni 100. Boda boda ya kubebea mzigo 50. Ushuru wa kanjo, watu wa baraza la mji, 20. Jumla 920. Kwa kila mgongo alipata shilingi 20, lakini si wote waliouzwa: mitano ilivunjika, mitano ilipelekwa nyumbani. Hamsini mara ishirini, 1,000.

"Faida ni shilingi 80," binti akasema. Kisha akauliza alianza kazi saa ngapi.

"Saa kumi alfajiri niko kwenye geti la kiwanda. Narudi nyumbani saa mbili usiku."

"Na ungeenda kufulia watu nguo Milimani, kwa wenye pesa, wangekulipa ngapi?"

"Mia mbili."

Nilitafsiri swali na jibu, na ukumbi ukanyamaza. Lilikuwa swali zuri la darasani, gharama ya fursa kama tulivyofundishwa, yaani kile unachokosa kwa kuchagua kazi hii badala ya nyingine, na lilimvua mama wa watu nguo mbele ya wenzake. Binti mwenyewe aliona. Uso ulimwiva.

Nyar Alego hakukasirika. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, mwambie huyo mwalimu, ile mitano niliyopeleka nyumbani imeliwa na nani? Paka?"

Binti akacheka, akaongeza 100. Faida ikawa 180. Hapo ndipo darasa lilipoanza kwa kweli, kwa sababu kila mtu alitaka kurekebisha ubao. Mmoja akasema kufulia si kazi ya kila siku, unangoja kuitwa. Mwingine akakumbusha wateja wa mkopo wanaolipa mwisho wa mwezi, wakilipa. Ajuza mmoja akasimulia mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa kwa hofu ya sumu: viwanda vilipokosa soko, migongo nayo ikawa adimu, na akina mama wakakaa bila kazi. Binti alikiri kwamba kwao amewahi kula minofu hiyo hiyo, ya dukani. Akina mama walitaka kujua bei. Alipoitaja, zilipigwa kelele ambazo sikuhitaji kuzitafsiri.

"Basi," Nyar Alego akauliza, "niache?"

Binti alisema hajui. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa chochote kilichokuwa kwenye vitabu vyao. Badala ya ushauri, aliwauliza ni gharama ipi kati ya zile inayoweza kupunguzwa. Bei ya geti hapana, dalali hasikii. Kanjo ndiyo kabisa. Wakabishana hadi wakafika kwenye mafuta: kila mmoja alikuwa ananunua ya kupima kioskini, na yakipimwa kidogo kidogo huwa ghali. Chama chao kilikuwa na pesa za mzunguko. Kabla wageni hawajaondoka, walikuwa wamenunua mtungi wa lita 20 na kugawana, huku mweka hazina akisimamia kikombe kama askari wa benki.

Mpango wa biashara haukuandikwa na yeyote. Wala Nyar Alego hakwenda kufua nguo Milimani. Ila alianza kutoa shilingi 50 kila jioni kabla ya kugusa hesabu nyingine yoyote, akaziita mshahara wake, na aliyejaribu kumkopa alijibiwa kwamba hizo ni za mfanyakazi, aende akaongee na mwenye biashara.