Jinsi nilivyozimaliza chunusi za paji la uso
Kwa miaka 2 nilizilaumu karanga, huku chunusi zikijipanga pale nywele zinapoanzia na kila niliyoiminya ikiniachia doa jeusi. Daktari wa ngozi hakuniuliza nilichokula. Aliniuliza ninachopaka kichwani. Mafuta mazito ya nywele, yakiyeyuka kwa jasho la mchana, yalikuwa yakiziba vinyweleo vya paji la uso. Niliyaacha, nikaanza kupaka jeli ya benzoili peroksaidi (dawa ya chunusi) ya asilimia 2.5 kila usiku. Ngozi ilikauka na kubabuka, nayo foronya yangu ya bluu ikapauka mabaka (hilo hakuna aliyenionya!), hivyo nikawa napaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Baada ya wiki 10 hazikuota mpya, ingawa madoa yalichukua miezi kufifia.